Mwanga wa Kukopa: Rangi za Baharini na Uchaguzi wa Flashi

Katika duka moja la nafaka hapa Kizota, mjini Dodoma, imetundikwa kalenda ya mwaka uliokwishapita. Mwenye duka hataki kuiondoa kwa sababu ya picha yake. Ndani ya picha hiyo yumo chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu, ametoa kichwa katika pango la matumbawe, kinywa wazi kidogo, na nyuma yake maji ni meusi kama wino. Nje ya duka malori yanapita kwenda na kurudi kwenye maghala ya mahindi, vumbi linapanda na kutua juu ya magunia na juu ya mizani, na chewa yule anaendelea kung'aa. Siku moja nilipokwenda kununua uwele, mwenye duka aliniuliza: "Mzee wangu, wewe ni mtu wa visiwani. Hivi kweli huko chini samaki wanaonekana namna hii?"

Nikamjibu, "Ndiyo, tena zaidi ya hivyo," kwa fahari ya mtu wa pwani aliye ugenini. Sikufika hata barabarani nikatambua kuwa nimemwambia uongo, au kwa uchache nimemwambia nusu ya kweli, na nusu yenyewe ndogo.

Nilimkumbuka mzee mmoja wa kijijini kwetu, mzamiaji wa pweza na chewa, aliyezama kwa miwani na mkuki tu bila ya mtungi wa hewa. Yeye alikuwa akisema kwamba chewa wa aina ile huvaa nguo yake nyekundu akishapandishwa ngalawani. Kule chini, kwa macho yake, samaki alikuwa wa rangi ya moshi, baina ya kahawia na nyeusi, na alimtambua kwa umbo la mdomo na kwa namna anavyorudi nyuma pangoni. Tulipokuwa watoto tulidhani anatutania. Kumbe alikuwa akieleza kanuni ya maumbile kwa usahihi ambao vitabu vyetu vya shule havikuufikia. Maji hunyonya mwanga, na hayaunyonyi kwa usawa. Nyekundu ndiyo inayotangulia kupotea: katika kina cha mita 5 imekwishafifia, na kufikia mita 10 hivi imebaki kidogo mno. Baadaye hufuata rangi ya chungwa, kisha manjano, na mwishowe mwenye kuzama hubakiwa na buluu na kijani peke yake. Chewa aliyeko mita 15 chini ana wekundu katika ngozi yake, lakini hakuna mwanga mwekundu unaomfikia wa kuushuhudia. Mpiga picha wa kalenda ile hakuukuta wekundu. Aliubeba begani mwake, ndani ya flashi, akaushusha.

Wiki hiyo hiyo nilipata ujumbe kutoka kwa mpwa wangu aliyeko kaskazini ya Unguja, kijana anayewaongoza wageni wanaozama kutazama miamba. "Shikamoo mjomba," aliandika. "Nimepata kamera ya kidijitali ya mkononi pamoja na kasha lake la kuzuia maji, mgeni mmoja kaniuzia kwa bei ya udugu. Sasa nataka strobu. Naomba unisaidie mambo mawili, fedha na ushauri, na ukishindwa la kwanza usinikoseshe la pili." Wapiga picha wa chini ya maji huita strobu ile flashi kubwa inayosimama nje ya kamera, juu ya mkono wake wenyewe. Aliniuliza mimi kwa kuwa katika miaka ya tisini niliwahi kuazima kamera ya Nikonos na kupoteza filamu nyingi nayo. Na kwa kuwa kazi yangu ya uhakiki imenizoesha kutoa maoni juu ya vitu nisivyoweza kuvinunua, nilikubali.

Makala haya, basi, ni jibu langu kwa watu wawili: kijana anayetaka kununua mwanga, na mwenye duka aliyekwishanunua picha yake. Wasomaji wa ushairi wasije wakaona wamekosea ukurasa. Suala la mwanga gani uupeleke kwenye kilindi, kwa nguvu gani na kutoka upande gani, ni suala letu pia.

Nianze na ile picha ya kalenda, niitazame kama nitazamavyo shairi. Fani yake haina dosari. Jicho la samaki limekaa pale linapopaswa, madoa yanahesabika, na mstari wa mwamba unapanda kutoka pembe ya kushoto kama mizani inayojua inakoelekea. Kasoro yake ni ule weusi. Msomaji wa bara ataamini kuwa picha imepigwa usiku, au katika shimo refu lisilofikiwa na jua. Kwa hakika aghalabu picha za namna hii hupigwa mchana, maji yakiwa buluu tele pande zote. Weusi hutokana na uamuzi: mpiga picha hufunga tundu la lenzi, hufupisha muda wa kamera kupokea mwanga, kisha huiachia flashi peke yake iseme. Flashi haina uwezo wa kufika mbali majini. Baada ya mita moja na nusu au mbili huwa imekwisha. Kilicho karibu huwaka, na kilicho mbali, yaani bahari yenyewe, hufutika.

Mbinu hii nimeikuta mara nyingi katika tungo za vijana ninazoletewa nizisome. Mpenzi anasifiwa, anaitwa lulu, anaitwa mwezi, vina vinamulika uso wake kila mshororo, na nyuma yake hakuna mtaa, hakuna mama mkwe, hakuna bei ya unga. Shairi linang'aa, nasi hatujui mwanamke huyu anaishi wapi. Sisemi kwamba ni kosa kumulika. Nasema kwamba mtunzi anayezima mandhari amefanya uchaguzi, na mhakiki ana haki ya kumuuliza kwa nini.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kuihukumu flashi kwa kalenda moja, maana historia yake ni ya watu waliotaka kwa dhati kuona. Mfaransa Louis Boutan alianza kupiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, na kwa kuwa jua halikumtosha alijaribu kuchoma magnesi kwa taa ya spiriti iliyowekwa juu ya pipa lililojazwa oksijeni. Mwaka 1926 William Longley na Charles Martin walipata picha za kwanza za rangi za chini ya maji katika visiwa vya Dry Tortugas, Florida. Nao walilipua unga wa magnesi juu ya chelezo kilichoelea, ili mmweko uteremke hadi kwa samaki. Kisha akaja Harold Edgerton wa Massachusetts, aliyeitengeneza flashi ya umeme tunayoijua leo, mrija wenye gesi ya zenoni unaowaka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Alipoanza kushirikiana na Jacques Cousteau katika miaka ya hamsini, mabaharia wa jahazi lao walimbatiza jina la Baba Flashi.

Filamu ya Cousteau na Louis Malle kuhusu ulimwengu wa kimya, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956, ilipigwa kwa sehemu katika bahari yetu hii, huko kisiwa cha Assumption katika Shelisheli, ambako chewa mmoja mkubwa aliwazoea wazamiaji mpaka akawa kama mwenyeji wao. Dunia ilistaajabia rangi zake. Lakini katika filamu hiyo hiyo mwamba unalipuliwa kwa baruti ili samaki waliokufa wahesabiwe, na watu wanaofanya hivyo wanaonekana kuridhika kabisa. Sisi tunaozijua fukwe zilizoteswa kwa mabomu ya wavuvi haramu, kutoka Tanga hadi Mtwara, hatuwezi kuipita sehemu hiyo hivi hivi. Kupenda rangi za bahari ni jambo moja, na kuijali bahari ni jambo jingine. Filamu ile imeyaweka yote mawili bega kwa bega bila ya kuona haya.

Wala tusijidanganye kuwa mwanga wa kupeleka baharini ni jambo la wageni peke yao. Wavuvi wetu wa dagaa wametoka usiku na karabai miaka mingi kabla ya kalenda za hoteli. Wanausubiri mwezi uondoke, wanawasha taa, na dagaa wanakuja wenyewe kwenye mwanga hadi wavu unapowazunguka. Karabai ni taa inayovuta, na flashi ni taa inayoshtua. Ya kwanza humwita samaki, ya pili humkuta. Ningependa kumsoma mshairi aliyezitofautisha taa hizi mbili, maana kuna mashairi ya karabai na mashairi ya flashi, na mimi kwa umri wangu nimeanza kuelemea upande wa karabai.

Tungo zetu za kale zilisimama juu ya maji. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaufananisha ulimwengu na bahari chafu, na matumbawe yamo katika mfano wake; lakini yamo kama hatari, jambo linalopasua chombo na kumpa hasara aliyekipanda. Huyo ni mtu aliyeyajua matumbawe kutoka juu, kwa mlio wa wimbi linalovunjika. Bustani ya rangi tuliyoizoea leo katika picha haimo mle, na isingeweza kuwamo. Shairi hilo hilo linazo taa zake, zile zilizowaka katika majumba ya matajiri wa Pate mpaka usiku wao ukawa kama mchana, na mshairi anazitaja kwa sababu zimekwishazimika. Sijui mhakiki wa flashi aliye bora kumshinda yeye. Hata Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021, ambaye alikuwa mvuvi na baharia kabla ya kujulikana kwa diwani ya Kimbunga, aliijua bahari kwa mikono na mgongo, kwa upepo na kwa kamba. Elimu hiyo haihitaji flashi. Lakini ipo elimu nyingine inayoihitaji, na hapo ndipo ninapomrudia mpwa wangu.

Nilimwandikia kwanza kuhusu Kizota, naye akadhani nimechanganyikiwa. Nilimwambia: mwanangu, usiku hapa kwetu, wakati wa kiangazi, lori likipita njia ya vumbi na jingine likaja nyuma yake, dereva wa nyuma akiwasha taa kubwa haoni njia, anaona vumbi. Taa zake zi karibu na macho yake, zinaangaza kila chembe iliyo mbele yake, na chembe zinamrudishia mwanga usoni. Dereva mwenye akili hupunguza taa, na mwenye taa za chini zilizo mbali na macho huona zaidi. Baharini ni hivyo hivyo. Maji hayako matupu hata siku yanapoonekana safi; yamejaa chembe za mchanga na viumbe vidogo visivyoonekana. Flashi ndogo iliyomo ndani ya kamera, iliyo karibu kabisa na lenzi, huziwasha chembe hizo zote na kukuletea picha yenye vidoa vyeupe, kama kwamba samaki ananyeshewa na unga. Ndiyo maana strobu hukaa juu ya mkono mrefu. Isogeze pembeni, irudishe nyuma kidogo ya kamera, igeuze iangalie nje kuliko ndani, ili samaki aguswe na ukingo wa mwanga na maji yaliyo baina yake na lenzi yabaki gizani. Msimu wa kusi bahari inapochafuka, au wakati wa masika karibu na Mafia ambako Rufiji huteremsha matope yake, ushauri huu una thamani kuliko strobu yenyewe.

(Mshairi naye, akiiweka taa karibu mno na jicho lake, humulika vumbi lililo baina yake na jambo analolisema, na vumbi hilo aghalabu ni yeye mwenyewe. Nalisema hili kwenye mabano kwa sababu mpwa wangu hakuniuliza.)

Sasa kuhusu kuchagua. Jambo la kwanza wauzaji hukutajia nguvu, na nguvu huelezwa kwa namba. Ukiigawa namba hiyo kwa umbali wa samaki kwa mita, unapata kipimo cha tundu la lenzi la kutumia. Tahadhari: namba iliyoandikwa kwenye boksi aghalabu ni ya hewani. Majini hubaki nusu, au hata theluthi moja tu. Strobu yenye namba 24 hewani itakupa 8 hadi 12 chini ya maji, na hiyo yatosha kabisa kwa samaki aliye umbali wa mita moja. Usiuze mbuzi kwa ajili ya namba kubwa. Mwanga huenda na kurudi: unasafiri kutoka strobu hadi kwa samaki, kisha kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi, na njia nzima maji yanaula wekundu wake. Mtu anayetaka kumpiga picha papa potwe aliye mita sita mbele yake hatasaidiwa na strobu yoyote. Atapata maji meupe na papa wa buluu. Isitoshe, miongozo mingi ya kuwatazama papa hao inakataza flashi. Dawa ya umbali ni kusogea, na asiyeweza kusogea aizime taa.

Upana wa mwanga ni muhimu kuliko nguvu. Ukitumia lenzi pana, ile inayomeza mwamba mzima, strobu inayorusha mwanga wa nyuzi 100 au zaidi itafunika picha. Yenye mwanga mwembamba itakupa duara jeupe katikati na pembe zenye giza, kama tochi ya mlinzi.

Kisha kuna joto la rangi, jambo ambalo wanunuzi wapya hawaliulizi na ambalo mimi ningeliuliza kabla ya bei. Strobu nyingi za Kijapani, kama zile za Inon, zina mwanga mweupe wa Kelvini 5500 hivi, unaokaribia jua la mchana. Nyingine, kama baadhi ya zile za Ikelite, kampuni ya Indianapolis iliyoanza mwaka 1962, zina mwanga wa vuguvugu wa Kelvini 4800 hivi. Tofauti yake haionekani kwenye samaki tu. Kamera ikiurekebisha mwanga wa vuguvugu ili ngozi ya samaki iwe na rangi yake, maji ya nyuma huzidi kuwa buluu. Mtu anaweza kusema ni urembo tu. Mimi naona ni suala la ukweli: buluu ya maji ya Mnemba mchana wa kaskazi si buluu ya wino, na kijana aliyezaliwa pale anapaswa kuijua. Nilimshauri apige picha moja, apande juu, na kabla hajajifuta maji aitazame na kujiuliza kama ndipo alipokuwa.

Hapo ndipo kamera ya kidijitali ilipotusaidia watu wa kipato kidogo. Zamani ulishuka na filamu ya picha 36, ukapanda, ukangoja wiki, ndipo ukajua umeharibu. Kwa hiyo strobu za zama za filamu zilitegemea kamera ipime mwanga unaorudi kutoka usoni mwa filamu na kuizima strobu kwa wakati. Sensa ya kidijitali haipimiki kwa njia ile, na watengenezaji wakabuni mwako mdogo wa awali unaotangulia mwako wenyewe ili kamera ipime kwanza. Mabadiliko hayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaliziacha strobu nyingi nzuri zikiwa zinafanya kazi kwa mkono tu. Ndizo zinazouzwa rahisi leo, na ndizo nilizomwambia mpwa wangu azitafute, maana sasa unaona picha papo hapo na unaweza kupunguza au kuongeza nguvu mwenyewe. Atajifunza zaidi kwa kukosea mara tatu kuliko kwa kuachia mashine ikisie.

Lakini mtego upo, na ulimnasa rafiki yangu mmoja zamani. Kamera ndogo za mkononi huiwasha strobu ya nje kwa mmweko wa flashi yao wenyewe, unaopita katika waya wa faiba. Strobu ya zamani isiyojua habari ya mwako wa awali hudhani ndio mwako wenyewe, huwaka mapema, na kamera inapofunguka strobu imekwishamaliza kazi. Unapata picha ya giza na hujui kwa nini. Kwa hiyo ama kamera iwe inaruhusu kuuzima mwako wa awali, ama strobu iwe na swichi ya kuuruka. Faiba yenyewe naipenda: haina umeme, haina tundu la kupitisha maji ya chumvi. Strobu za waya wa umeme huwaka upesi na kwa uhakika, lakini kila kiungio chake ni mlango, na chumvi haichoki kubisha. Mwishoni, betri. Chagua inayotumia betri za kawaida za AA, zile za kuchaji, maana siku moja pakiti maalumu itakufa na fundi wake yuko Yokohama. Betri za AA zinapatikana hata hapa Kizota, katika duka lile lile la nafaka, kando ya viberiti.

Moja au mbili? Majarida yatasema mbili, ili kivuli kisionekane. Mimi nasema moja, na si kwa ajili ya fedha tu. Jua lina upande mmoja. Kivuli ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba kitu kina mwili.

Mpwa wangu alinijibu kwa jambo ambalo sikulitarajia, na lililobadilisha hukumu yangu. Alisema: "Mjomba, mimi sitaki picha za kuuza kalenda. Nataka kupiga picha vichwa vile vile vya matumbawe, kila mwaka, mwezi ule ule, nione vinavyokuwa." Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Mwaka 1998 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, sehemu za Mafia zikiwamo. Yakapauka tena mwaka 2016, na tena 2024. Wazee wanakumbuka kwamba mwamba fulani ulikuwa hai, wageni wana picha zao katika majumba yao huko Ulaya, na sisi wenyewe tuna maneno tu. Na maneno yetu juu ya rangi, kama alivyotufundisha yule mzee wa pweza, ni maneno ya watu waliotazama kupitia maji yanayokula rangi.

Kwa kazi hiyo flashi ni shahidi mzuri kuliko jua. Jua hubadilika kwa wingu, kwa saa na kwa kina cha bamvua, lakini strobu iliyowekwa umbali ule ule na nguvu ile ile hutoa mwanga ule ule mwaka huu na mwaka kesho, na tofauti itakayoonekana haitakuwa ya mwanga. Hapo wekundu niliouita wa kukopa unageuka kuwa kipimo. Tena kuna hila nyingine ya bahari inayohitaji jicho la mwenyeji: baadhi ya matumbawe yakiungua kwa joto hayapauki moja kwa moja, bali hutoa rangi za zambarau, buluu au manjano kali ya kupendeza mno. Mgeni anayepita siku tatu huipiga picha rangi hiyo na kuiita neema. Anayerudi kila mwezi wa Machi anajua kuwa ni homa.

Katika mfano wa silikanti tunaliona hili kwa namna nyingine. Dunia ilimtangaza samaki huyo kuwa amegunduliwa mwaka 1938 huko East London, Afrika Kusini, na wa pili akapatikana Nzwani mwaka 1952, ilhali wavuvi wa Komoro walikuwa na jina lake, gombessa, na walikuwa wakimvua. Ilikuwa mwaka 1987, Hans Fricke aliposhuka kwa nyambizi ndogo nje ya Ngazidja, ndipo picha za silikanti akiwa hai katika makazi yake zilipopatikana, na watu wakamwona buluu yenye mabaka meupe, baada ya miaka mingi ya kumjua kama mzoga wa kahawia ndani ya dawa. Taa ile haikumgundua samaki. Ilisahihisha rangi yake katika akili za watu waliomjua amekufa. Leo Tanga ina hifadhi ya bahari yenye jina lake, iliyoanzishwa mwaka 2009, na naamini picha zilikuwa na sehemu katika jambo hilo, maana ni vigumu kumtetea mbele ya wenye mamlaka kiumbe asiyeonekana.

Nikatuma fedha. Si nyingi, zilikuwa za magunia manne ya mahindi. Kijana alinunua strobu moja, ya mkono wa pili, yenye swichi ya kuuruka mwako wa awali na betri nne za AA. Kabla hajaanza na matumbawe yake nilimwomba anipigie chewa mwekundu, yule yule wa kalenda, kwa deni nililokuwa nalo hapa mjini. Alimpata kwenye mita 14. Aliiweka strobu chini kidogo ya nguvu yake, akarefusha muda wa kamera ili maji yaingie, akapiga kutoka chini kutazama juu.

Nilipeleka simu dukani nikamwonyesha mwenye duka. Wekundu upo, ila umetulia; upande wa pili wa samaki umebaki rangi ya moshi, kama alivyosema mzee wetu. Nyuma yake maji ni buluu inayokwenda ikififia, vitatange wawili wamepita bila ya kualikwa, na juu kabisa pana umbo refu jeusi. Mwenye duka aliitazama picha, akaitazama kalenda, akairudia picha. Hakusema ipi nzuri.

"Na hiki kivuli cha juu ni cha nini?" aliniuliza.

Nikamwambia ni ngalawa yao, imewangoja.